Anayejenga si anayenunua LUKU

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Wiki iliyopita msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba, maadamu Bwawa la Julius Nyerere limeshakamilika na megawati zake 2,115 tunazo, wenye maduka na ofisi waachwe watumie umeme wapendavyo, kwani habari za kubana matumizi zilikuwa za wakati wa mgao. Furaha yake naielewa. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 nilikuwa napigiwa simu usiku na wauza samaki wa hapa Tabora, majokofu yamezima tangu asubuhi na mali inaanza kunuka, nami sikuwa na la kuwasaidia. Siku zile sizitaki tena. Lakini kazi yangu inaniingiza kila siku ndani ya majengo ya biashara ya mji huu, na ninachokiona humo hakiponywi na bwawa.

Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Nilisomea chuo cha ufundi cha VETA hapa hapa Tabora, na huu ni mwaka wa 17 tangu nianze kubeba ngazi. Wateja huniita wakisema, "Fundi, kiyoyozi hakipozi, njoo ujaze gesi." Nafika, nafungua, napima, gesi ipo. Kiyoyozi ni kizima. Kinachoumwa ni jengo.

Kuna jengo moja katikati ya mji, silitaji kwa sababu sina ugomvi na mwenye nalo. Ni la ghorofa tatu. Uso wake wote ni vioo vya bluu vilivyobanwa kwa alumini, vingi havifunguki, na uso huo unatazama magharibi. Lina fremu 14, yaani vyumba vya biashara. Fremu 13 zinatumia mita moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ya 14 ni duka la dawa, nitalieleza baadaye.

Oktoba iliyopita aliniita mama mmoja mwenye fremu ghorofa ya kwanza. Anauza madaftari na kalamu, anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti. Nilifika saa tisa alasiri. Alikuwa amefumua maboksi ya karatasi na kuyabandika kwa gundi ya utepe kwenye kioo kizima, kuanzia chini hadi alipofika mkono wake akiwa amepanda kiti. Juu ya hapo jua lilikuwa linaingia kama maji. Kiyoyozi chake, cha BTU 12,000 (ndicho kipimo cha nguvu ya kupoza), kilikuwa kimewekwa nyuzi 16 na kompresa haipumui. Nikaweka kipimo changu kwenye kioo kwa ndani: nyuzi 44. Katikati ya chumba, nyuzi 31. Mashine ya fotokopi ilikuwa imejizima kwa joto, na wanafunzi watatu wamesimama mlangoni na mitihani yao ya majaribio wakisubiri ipoe.

"Fundi, si imekufa hii?"

"Haijafa, mama. Inapigana na jua."

Nikaosha filta, ilikuwa na vumbi jekundu la kiangazi kama blanketi. Nikamshauri kama nimshaurivyo kila mteja: panda hadi nyuzi 25, washa na feni, funga mlango, zima ukienda kula na ukienda kuswali. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta droo, akatoa daftari ambalo mkusanyaji wa michango ya umeme husaini kila mwezi, akanionyesha kwa kidole.

"Mwanangu, mwezi wa sita nilifunga duka siku 11. Nilifiwa, nilikwenda Nzega. Niliporudi nikatozwa sawasawa na kinyozi, na sawasawa na yule wa chini mwenye majokofu manne ya soda. Nikizima nalipa, nikiwasha nalipa. Sasa nizime ili apate nani?"

Mhariri, maneno ya mama yule ndiyo yaliyoniandikisha barua hii. Nimewasikia wataalamu redioni wakituhimiza kubadili taa na kununua vifaa visivyokula umeme mwingi, na wanasema kweli. Lakini mtu asiyeona faida ya kuzima hatazima, hata ukimpa kifaa cha namna gani. Na yule mwenye uwezo wa kulirekebisha jengo, yaani mwenye jengo, hainunui LUKU ile. Hilo ndilo donda lenyewe. Anayejenga si anayelipa umeme, na anayelipa umeme haruhusiwi kugusa hata dirisha. Mama yule aliomba aweke mkeka wa matete kwa nje ya kioo chake, akakatazwa kwamba unaharibu sura ya jengo.

Nimesema kwa nje kwa makusudi. Pazia la ndani, au maboksi yale, yanakinga macho zaidi kuliko joto. Jua likishavuka kioo limeshaingia chumbani, sehemu kubwa ya joto lake hairudi. Kivuli cha kupunguza kazi ya kiyoyozi ni kile kinacholipokea jua kabla halijagusa kioo: upenu, baraza, mti, mkeka.

Nitoe hesabu ndogo ili tuelewane. Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000, kisicho cha inveta (ile inayoweza kupunguza mwendo wa kompresa), hula takriban kilowati moja na pointi wakati kompresa inazunguka. Kikizunguka bila kupumzika kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ni yuniti 9 hivi. Kwa bei ambayo fremu zetu nyingi hununulia, shilingi 10,000 huleta yuniti 28 na kidogo. Kwa hiyo fremu moja inakula zaidi ya shilingi 3,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi inapita shilingi 80,000, kwa kiyoyozi peke yake. Jua lingezuiwa, kompresa ile ile ingekuwa inafanya kazi dakika kumi na kupumzika dakika kumi, na nusu ya fedha hiyo ingeokolewa. Hapo sijanunua kifaa kipya hata kimoja.

Sasa twende nyuma ya jengo. Baina ya ukuta wake na ukuta wa jirani pana uchochoro usiofika mita moja na nusu. Mashine za nje zimepangwa humo, nyingine chini, nyingine juu yake, zote zinapuliza kwenye ukuta wa jirani. Mwenye jengo hakutaka zionekane barabarani. Wengi wanadhani kiyoyozi kinatengeneza baridi. Hakitengenezi. Kinachukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje, na mashine ya nje ndiyo mkono wa kutupia. Ukiitia mashine hiyo mahali ambapo joto halina pa kwenda, joto linarudi linavutwa tena, la mashine hii linavutwa na ile. Ni sawa na kuchota maji ndani ya mtumbwi na kuyamwaga ndani ya mtumbwi.

Nimepima uchochoro ule saa nane mchana. Chini ya mwembe ulio upande wa pili wa barabara palikuwa na nyuzi 33. Hewa inayoingia kwenye mashine za uchochoroni ilikuwa nyuzi 46. Nikabana waya wa mashine moja kwa klampu mita, kipimo cha umeme unaopita kwenye waya: ampea 6.9. Kibandiko chake cha kiwandani kinasema 5.1. Na bado chumbani hapakuwa na ubaridi. Kompresa zinazofanya kazi hivyo hazifiki mbali. Mwaka jana nilibadilisha mbili humo, na gharama wakachangishana wapangaji.

Hapa ndipo linapoingia duka la dawa. Dada mfamasia alihangaika miezi mingi mpaka akafungiwa mita yake mwenyewe. Yeye hawezi kuzima viyoyozi. Maboksi ya dawa yameandikwa kabisa, nyingine zisizidi nyuzi 30, nyingine 25, na jokofu lake la chanjo na insulini lazima likae kati ya nyuzi 2 na 8. Sipingi ubaridi wa namna hiyo hata siku moja, ule unalinda maisha ya watu. Lakini kwa kuwa tokeni ananunua yeye, dada yule anaandika kila jioni mita imesoma ngapi. Aliponiona uchochoroni na kipimo akaniuliza, "Fundi, hizi zangu tatu tukizipandisha juu itakuwaje?" Hakuna mpangaji mwingine aliyewahi kuniuliza swali hilo. Tukazipandisha juu ya paa, tukaziwekea kibanda cha bati kilicho wazi pande zote nne, mbali mbali. Ampea zikashuka hadi 5.3. Daftari lake lilikuwa linasoma yuniti 40 kwa siku, sasa linasoma 31, na anasema mchana viyoyozi vinapumzika, kitu ambacho hakukisikia tangu ahamie pale.

Jengo ni hilo hilo, na paa, jua na fundi ni wale wale. Kilichobadilika ni mita tu.

Naomba niseme kidogo kuhusu baba yangu, marehemu sasa, kwa sababu yeye hakuwahi kumiliki kiyoyozi na nyumba yake ilikuwa na ubaridi kuliko ofisi nyingi ninazohudumia. Alikuwa fundi wa reli. Tulikaa nyumba ya reli, ya zamani. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na waliojenga majengo yake ya mwanzo hawakuwa na umeme wa kuchezea, kwa hiyo walilisoma jua kwanza. Kuta za nyumba yetu zilikuwa na unene wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Dari iko juu sana, chini ya mabati pana nafasi ya hewa na matundu yenye wavu. Baraza lilizunguka pande tatu. Baba alikuwa na utaratibu wake ambao mama alikuwa akimcheka: saa kumi na moja alfajiri anafungua madirisha yote, ubaridi wa usiku uingie, saa tatu asubuhi anapita tena dirisha kwa dirisha anayafunga na kushusha pazia. Usiku wa Tabora hupoa hata Oktoba, kila mtu wa hapa anajua, tuko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ukuta mnene unaunywa ubaridi ule usiku kucha na kuutoa polepole mchana. Saa nane, nje mbwa wamelala chini ya magari, mimi nilikuwa nafanyia kazi za shule sakafuni na sakafu inaniuma kwa ubaridi.

Nendeni pia pale Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Mtu wa kawaida anakwenda kutazama vitu vya mzungu. Mimi nilipeleka watoto wangu nikawaambia badala yake waguse kuta za udongo, na waone uwanja wa katikati unavyovuta hewa. Waarabu na Wanyamwezi waliojenga matembe walikuwa wafanyabiashara. Pembe, nguo na shanga zao zilikaa humo. Yale yalikuwa majengo ya biashara.

Sisemi turudi kwenye udongo. Nasema jua la Tabora halijabadilika. Mji wetu uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Mwezi Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, lakini nyakati zote mbili linakuwa juu sana. Maana yake kwa mjenzi ni nyepesi: dirisha linalotazama kaskazini au kusini, ukilipa upenu wa mita moja tu, jua la mchana haliligusi karibu mwaka mzima. Ila dirisha la magharibi halina dawa ya upenu. Saa kumi jioni jua limeshashuka, linaingia chini ya upenu moja kwa moja mpaka kwenye meza. Upande huo ndio wa kuweka ngazi, vyoo, stoo, ukuta mzima usio na dirisha, au kupanda miarobaini. Sisi ndio tunauwekea kioo kwa kuwa unatazama barabara. Na kama kiwanja kinatazama magharibi na hakuna namna, basi baraza. Maduka ya zamani ya mitaa ya sokoni yana baraza mbele, mteja anasimama kivulini, mshonaji anaweka cherehani yake nje, na ndani hakuna kiyoyozi hata kimoja.

Kuna mzee mmoja mwenye nyumba ya wageni upande wa Isevya. Nikifika tunasalimiana "Mwangaluka", ananipa chai kwanza, kazi baadaye. Huyu ndiye mwenye jengo na ndiye anayenunua LUKU, na tofauti yake na wengine utaiona. Paa lake lilikuwa la bati la rangi ya kahawa, chini yake jipsamu iliyozibwa kila upande. Niliingia darini saa saba mchana kutafuta waya, nikatoka baada ya dakika tatu, pumzi imenikata. Nikamwambia, mzee, vyumba vyako viko chini ya kikaango. Hakubishana. Akalipaka bati rangi nyeupe, akatoboa matundu kwenye kingo za paa pande mbili ili hewa ipite, akapanda miarobaini sita upande wa machweo. Miaka minne sasa. Miti imepita paa. Vyumba tisa vilikuwa na viyoyozi, sasa wageni wa vyumba vitano hawaviwashi kabisa, wanataka feni na dirisha lenye wavu. Mimi nimepoteza kazi ya kuvifanyia huduma, na kila nikipita pale nafurahi.

Ofisi ndizo zinanisikitisha zaidi. Katika ofisi moja ninayohudumia, dada wa mapokezi anafanya kazi amevaa sweta na amejifunika kitenge magotini, mwezi wa kumi, wakati wateja walio nje kwenye foleni wanajipepea na makaratasi. Rimoti iko nyuzi 16. Nimeuliza kwa nini. Naambiwa ili kipoze upesi. Naomba kila anayesoma barua hii alijue hili: kiyoyozi cha kawaida hakipozi upesi zaidi ukikiweka 16. Kompresa ina mwendo mmoja. Kwa 24 na kwa 16 inaanza na nguvu ile ile. Tofauti ni kwamba kwenye 24 itafika na kupumzika, kwenye 16 ni nadra ifike. Siku ile nilipandisha hadi 24, nikawasha feni ya darini. Dada akavua sweta. Nilipopita kesho yake imerudi 16, kwa sababu mkuu wa ofisi huja na suti kamili na tai.

Wajapani walilitazama jambo hilo moja kwa moja. Mwaka 2005 serikali yao iliwaruhusu watumishi kuvua tai na makoti majira ya joto, na viyoyozi vya ofisi vikawekwa nyuzi 28. India nao, kuanzia Januari 2020, viyoyozi vipya vya vyumba vyenye nembo ya nyota vinatakiwa vikiwashwa vianze kwenye nyuzi 24, anayetaka chini ya hapo ashushe mwenyewe. Hayo ni mataifa yenye viwanda na mitambo kutushinda mara nyingi. Nasi hapa tuna shati la mikono mifupi na Kaunda suti, mavazi ya heshima ambayo wazee wetu waliingia nayo ofisini miaka na miaka.

Kuhusu vitu vidogo nitapita haraka, maana wengi wanavijua. Tyubu ya futi nne ya zamani ni wati 36 bila kuhesabu choki yake ya kuiwashia, ya LED ni 18 na mwanga unaofika chini ni karibu ule ule. Jokofu la dukani, funga mlango juu ya noti ya 1,000 kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umekwisha na unalipia ubaridi unaomwagika sakafuni. Mpira ni bei ndogo. Jokofu lisisogezwe kugusa ukuta, nalo linahitaji kutupa joto lake.

Ninachoomba sasa.

Wenye majengo, kila fremu iwe na mita yake. Pale ambapo LUKU ya kila mmoja haijawezekana, ziko mita ndogo za kuhesabia zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, moja haifiki hata nusu ya bei ya kompresa. Ziwekwe, kila mwisho wa mwezi watu wasomewe mbele ya macho yao, na kila mmoja alipe alichotumia. Mama wa fotokopi atazima siku hiyo hiyo, namjua. Tangu Agosti 2021 hata kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, na najua majengo ambayo wapangaji wanaibeba bila kujua kwamba ni deni la mwenye jengo. Mita ikisomwa hadharani hata hilo litaonekana.

Mikataba ya kupanga iandike habari ya umeme. Mpangaji akitaka kuweka kivuli nje ya dirisha lake kwa gharama zake, aruhusiwe. Mashine za nje zitakaa wapi, iandikwe kabla hajalipa kodi ya miezi sita.

Na kwa wahandisi wa halmashauri wanaopitisha ramani: mnakagua nguzo, mnakagua choo, mnakagua umbali na barabara, na mnafanya vizuri. Ongezeni swali moja, jua la saa kumi litaingia wapi? Mchoraji akijua ataulizwa atalifikiria. Jengo likishasimama na kioo cha magharibi, litakula umeme huo miaka 40, hata mpangaji awe mwangalifu namna gani, na hakuna fundi atakayelirekebisha kwa kujaza gesi. Viwanja vingi vinapimwa sasa hivi hapa mjini, na reli ya kisasa inajengwa kuja huku. Majengo ya biashara yatakayotokana na reli hiyo bado yako kwenye karatasi. Kufuta mstari kwenye karatasi hakugharimu kitu.

Kwa msomaji mwenzangu aliyenifanya niandike, megawati 2,115 ni zetu sote na ninajivunia. Ila zinapofika kwenye fremu ya mama yule zinanunuliwa kwa bei ile ile iliyopangwa na EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwa fedha ya fotokopi, kurasa baada ya kurasa. Hana kingine cha kununulia.

Mhandisi yeyote wa manispaa, mchoraji wa ramani au mwenye jengo anayetaka kuona kwa macho yake, nitampeleka. Aje siku yoyote ya mwezi huu kabla mvua hazijaanza, saa tisa alasiri. Mama amekubali tuingie dukani kwake. Nitakuja na ngazi, klampu mita na kipimo cha joto, aweke mkono wake mwenyewe kwenye kioo kile, kisha tutembee pamoja hadi uchochoroni.

Fundi majokofu na viyoyozi,
Ng'ambo, Tabora.
(Jina na namba ya simu anavyo mhariri.)